Mtafiti Aliyekaa Sebuleni

Mwaka 1954, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda. Hakuwa na maabara. Alifika alasiri na mkalimani, akakaa sebuleni kama saa mbili, akizungumza na mama huku akimtazama mtoto. Baada ya wiki mbili, hodi tena.

Aliyoyaandika ni mambo madogo. Mama akitoka, nani analia? Akirejea, nani anamtambalia na kuinua mikono abebwe? Nani anacheza pembeni, lakini kila mara anageuka kuhakikisha mama yupo?

Ukimhoji mama, utapata anachokumbuka, au anachoona kinafaa kusemwa mbele ya mgeni. Ukitazama, unaona kinachotendeka. Ila kutazama nako kuna kasoro yake: mgeni akiwa sebuleni, nani asiyejirekebisha? Ndiyo maana mtafiti hurudi mara nyingi, mpaka azoeleke.

Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka 1967. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alibuni jaribio la dakika kama 20 la kumtenganisha mtoto na mama kwa muda mfupi. Jaribio hilo ndilo lililovuma zaidi, ingawa maswali yake mengi yalianzia Uganda.