Kupima Umeme Usiotumika

Mita ya umeme husoma kilichotumika. Kilichookolewa haina namna ya kukisoma. Ofisi ya Sandton au Rosebank, jijini Johannesburg, inapofungiwa vihisi vinavyozima taa chumba kikibaki kitupu, pamoja na programu inayoongoza viyoyozi, nafuu inayopatikana ni tofauti kati ya matumizi halisi na yale ambayo yangekuwapo kama kusingebadilishwa kitu, na kiasi hiki cha pili hupatikana kwa hesabu tu.

Nchini Afrika Kusini hesabu hiyo ina kanuni, kwa kuwa imehusishwa na kodi. Kifungu cha 12L cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kiliruhusu kampuni kupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa kila uniti, yaani kilowati-saa, iliyookolewa, na mwaka 2015 kiwango kilipandishwa kutoka senti 45 hadi senti 95. Upimaji ulitakiwa kufuata kiwango cha SANS 50010 na kufanywa na wapimaji walioidhinishwa, na cheti kilitolewa na taasisi ya maendeleo ya nishati ya SANEDI.

Mpimaji huanza na msingi wa ulinganisho, yaani rekodi za miezi 12 kabla ya mabadiliko, akizihusisha na hali ya joto ya nje na idadi ya watumiaji wa jengo. Ikichukuliwa kwamba ofisi ilitumia uniti 900,000 kwa mwaka na baadaye 700,000, mwenye jengo atashangilia uniti 200,000. Lakini ikiwa ghorofa mbili zimehamwa, na hesabu ikaonyesha kwamba hata bila vihisi matumizi yangeshuka hadi 780,000, kinachostahili kudaiwa ni uniti 80,000 tu.

Johannesburg iliongeza ugumu wake. Mwaka 2023, ambapo mgawo wa umeme wa shirika la Eskom uliendelea kwa zaidi ya siku 300, mita kuu za majengo zilishuka kila jenereta za dizeli zilipowashwa, na mtu asiyezipima jenereta hizo angeweza kuuita mgawo ufanisi. Paneli za jua nazo hupunguza ankara bila kupunguza matumizi, ndiyo maana, kwa haki kabisa, kifungu cha 12L hakikukubali umeme wake.

Kufunga mita ndogo kwenye saketi ya taa pekee huondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko huo, ila huficha jambo jingine: pale taa zenyewe zinapobadilishwa, za LED hutoa joto kidogo kuliko za zamani, hivyo wakati wa kiangazi hupunguza kazi ya viyoyozi, ilhali katika asubuhi za baridi za Juni na Julai hita hulazimika kufidia joto lililopotea, na mabadiliko hayo yote mawili hutokea kwenye saketi ambazo mita hiyo haizigusi.