Mzazi, usipime mbio za nyika kwa saa

Msimu wa mashindano ya mbio za nyika ukifika, mtoto anaweza kurudi nyumbani mnyonge kwa sababu muda wake umekuwa mbaya kuliko wa mwezi uliopita. Kabla ya kumwambia amezembea, muulize njia ilikuwaje.

Uwanjani, mita 400 ni zile zile popote. Nyikani sivyo. Mchanga hula nguvu ya kila hatua, kilima huchosha mapaja, kona kali huvunja kasi na jua hukausha maji mwilini. Ndiyo maana mbio za nyika hazina rekodi ya dunia; kinachohesabiwa ni nafasi.

Ikungi ina mfano wake. Alphonce Simbu, mzaliwa wa kijiji cha Mampando, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, kwa saa 2:09:48. Muda huo uko zaidi ya dakika tisa nyuma ya rekodi ya dunia, lakini katika joto la siku ile ulitosha kumshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu.

Kwa hiyo muulize mwanao: umekuwa wa ngapi? Umewapita wangapi kilimani? Pumzi ilikata wapi? Kisha hakikisha anakunywa maji, analala vya kutosha na viatu havimbani. Akilalamikia goti, apumzike.

Mtoto anayekaripiwa kwa dakika zilizoliwa na mchanga huacha mbio mapema, kabla hata hajajua uwezo wake.