Chimbuko na Maana ya Istilahi "Mojibake": Mfano wa Ritifaa katika Jina Wanging'ombe

Istilahi mojibake imetoka katika Kijapani. Moji ni herufi. Bake inatokana na kitenzi bakeru, yaani kugeuka umbo, kitenzi kilekile kinachotumika katika simulizi za mbweha anayejigeuza mtu. Ilistawi Japani kwa kuwa maandishi ya huko yalisimbwa kwa mifumo isiyopatana, ikiwamo Shift JIS na EUC. Matini iliyohifadhiwa kwa mfumo mmoja na kufunguliwa kwa mwingine iligeuka mchanganyiko wa alama zisizosomeka.

Kiswahili kimesalimika kwa kiasi kikubwa, kwani herufi zake zote zimo katika ASCII. Majina Njombe na Makambako hayaleti tatizo. Tatizo huanza kwa jirani yao Wanging'ombe, wilaya ya mkoa huohuo wa Njombe.

Ritifaa katika jina hilo si pambo: hutofautisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma. Katika ASCII ina namba 39. Programu nyingi za kuchapia, hata hivyo, huipinda zenyewe na kuweka alama ya kufungia nukuu, ambayo katika Yunikodi ni namba 8217. Mfumo wa UTF-8 huihifadhi alama hiyo kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayodhani inasoma Windows-1252 huzichukua kuwa alama tatu mbalimbali, na jina hutokea hivi: Wangingâ€™ombe. Hiyo ndiyo mojibake. Hakuna kilichofutwa; kilichokosewa ni usomaji, na faili likifunguliwa kwa mfumo sahihi jina hurudi. Likihifadhiwa upya katika hali hiyo, kosa huganda.

Ipo hitilafu nyingine inayochanganywa na hii. Orodha moja ikichapwa Njombe kwa alama 8217 na nyingine Makambako kwa 39, zote husomeka vizuri, lakini programu isiyosawazisha alama huona majina mawili tofauti. Atafutaye Ng'ombe katika orodha zilizounganishwa hupata baadhi tu, bila dalili yoyote ya kasoro. Mojibake hujitangaza, hii hukaa kimya, na mwenye jina ndiye huambiwa hayumo. Kubadili mfumo wa usimbaji hakuiondoi. Yunikodi inayo pia ritifaa namba 700, inayohesabiwa kuwa herufi kamili, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na matumizi ya Kiswahili. Ila haimo katika kibodi za kawaida, hivyo kwa kazi za ofisi 39 ndiyo inayofaa kukubaliwa kabla ya kuchapa jina la kwanza.