Rafiki wa Mtandaoni: Mpe Shairi, Usimpe Anwani

Tuanze na swali. Je, unaye rafiki ambaye hujawahi kumwona uso kwa uso?

Tuseme wewe uko Mbeya na yeye yuko Mombasa. Mlikutana kwenye grupu la wapenda mashairi. Yeye anakutumia beti alizotunga, wewe unamtumia picha ya paka wako aliyelala ndani ya sufuria. Jioni anakurushia wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, zile zilipendwa ambazo baba yake hupiga kila Jumapili. Mnacheka, mnapiga stori, siku inaisha vizuri.

Wazazi wengi wakisikia hivyo wanashtuka. "Unamjua huyo? Umemtoa wapi?" Vijana nao wanaona wazee hawaelewi kitu. Nani yuko sahihi? Wote wawili, kwa kiasi fulani. Urafiki wa namna hii unaweza kukujenga. Unaweza pia kukuingiza mkenge. Hebu tuone tofauti iko wapi.

Hili si jambo jipya

Usidhani urafiki wa mbali ulianza na simu janja. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Watu wa sehemu mbalimbali walipeleka mashairi yao humo. Shaaban Robert, aliyeishi kuanzia mwaka 1909 hadi 1962, alikuwa mmoja wao. Katika magazeti, mshairi mmoja alitoa fumbo au hoja kwa beti, na mwingine wa mbali akamjibu kwa beti. Hayo ndiyo malumbano. Wapo waliojibizana hivyo bila kuonana.

Baadaye zikaja salamu za redioni. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki, akaipeleka redioni, na mtangazaji akaisoma na kupiga muziki. Wapo pia waliokuwa na marafiki wa kalamu, wakiandikiana barua kwa miaka.

Sasa angalia kitu kimoja. Katikati ya washairi wale alikaa mhariri. Katikati ya watuma salamu alikaa mtangazaji. Kila kilichotumwa kilisomwa na mtu mwingine kwanza, halafu kikatolewa hadharani. Ilikuwa vigumu mtu mwenye nia mbaya kukuvuta pembeni.

Leo hali ni tofauti. Kwenye inboksi yako hakuna mhariri. Mko wawili tu, saa tano usiku, chini ya blanketi. Kwa hiyo mhariri inabidi uwe wewe mwenyewe.

Kuna faida gani kwa afya?

Afya si kutokuwa na malaria tu. Afya ya akili nayo ni afya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Kwa watu wenye umri wa miaka 13 hadi 29, kati ya asilimia 17 na 21 walisema wanajisikia wapweke. Kwa hiyo kama unakaa bweni lenye watu mia na bado unajiona peke yako, wewe si wa ajabu. Wenzako ni wengi.

Mtu anayependa kitu unachopenda wewe anapunguza upweke huo. Labda darasani kwenu hakuna hata mmoja anayejali vina na mizani. Mtandaoni unampata.

Mashairi. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo. Wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza maishani pamoja na hisia zao walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini angalia: mara tu baada ya kuandika, wengi walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilikuja baadaye. Tena waliandika kwa siri, hawakumtumia mtu. Maana yake ni kwamba kuandika ni jambo moja, na kumtumia mtu ni jambo la pili. Unaweza kupata faida ya kuandika hata kama shairi linabaki kwenye daftari lako.

Nyimbo za zamani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwasikilizisha vijana wa miaka kama 20 nyimbo zilizotamba kati ya mwaka 1955 na 2009. Vijana hao waliguswa hata na nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Huenda walizisikia nyumbani. Kwa hiyo wimbo wa Marijani Rajab unaomtumia rafiki yako umebeba sebule ya kwenu. Tena una faida nyingine: unaweza kumuuliza mama, "Wimbo huu ulikuwa unauchezea wapi?" Mara mazungumzo yamefunguka hapohapo nyumbani, bila bando.

Stori za wanyama. Mbwa wako akifa, mtaani watakwambia, "Unalia nini, mbwa tu huyo!" Lakini umeishi naye miaka sita na alikusindikiza shule kila asubuhi. Majonzi hayo ni ya kweli na hayana aibu. Rafiki aliyewahi kupoteza sungura wake atakuelewa bila kukucheka.

Pole sio dawa

Hapa kuna mpaka. Rafiki wa mtandaoni anaweza kukupa pole. Matibabu hawezi.

Tuseme unasimulia kwenye grupu kwamba mbwa wa jirani amekung'ata. Mmoja anasema paka mafuta ya taa. Mwingine anasema funga jani fulani. Wa tatu anacheka. Achana nao wote! Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikitolewa mapema inazuia. Kung'atwa na paka pia usikupuuze. Stori utawasimulia ukisharudi.

Kazi ya mhariri: nini kitoke, nini kibaki

Mhariri mzuri hazuii kila kitu. Anachagua. Nawe chagua hivi:

1. Tumia lakabu. Washairi wengi wa magazetini walikuwa na majina ya kalamu. Wewe nawe jipe lako. Jina kamili, shule, mtaa na namba ya simu vibaki kwako.

2. Tazama nyuma ya picha. Paka yuko mbele, sawa. Nyuma kuna nini? Sweta yenye nembo ya shule? Namba ya nyumba? Kata picha ibaki paka peke yake.

3. Jina la mnyama lisiwe neno la siri. Watu wengi hufungua akaunti zao kwa jina la mbwa na mwaka wa kuzaliwa. Halafu wanaposti, "Simba wangu leo ametimiza miaka mitatu!" Wameshagawa ufunguo. Baadhi ya akaunti pia huuliza jina la mnyama wako wa kwanza ukisahau neno la siri. Weka jibu ambalo haliko kwenye stori zako.

4. Taja mwenye kazi. Ukituma shairi la mtu, andika jina lake. Ukituma wimbo, taja mwimbaji na bendi. Na shairi alilokutumia rafiki kwa siri, usilipeleke grupu jingine bila ruhusa yake.

5. Jiulize swali la mhariri: "Hiki ninachotuma, naweza kukisikia kikisomwa redioni bila kutetemeka?" Kama jibu ni hapana, usitume kwanza. Lala. Kesho uangalie tena.

Ndoano inavyofichwa

Samaki hameze ndoano tupu. Anameza chambo. Mtu mwenye nia mbaya naye haanzi kwa ubaya. Anaanza kwa kile unachokipenda. Mara nyingi mambo huenda hivi:

Kwanza, kila unachopenda na yeye anakipenda. "Hata mimi nina paka! Hata mimi nampenda Marijani!" Pili, anasifia kupita kiasi: hakuna aliyewahi kuandika kama wewe. Tatu, anakutoa kwenye grupu mhamie pembeni. Nne, anakutumia bando au hela ndogo ili ujione una deni. Tano, anaweka siri: "Usimwambie mtu, hawatatuelewa." Sita, anaomba picha. Ya uso kwanza, halafu picha ya mwili. Mwisho ni vitisho: "Nitumie nyingine au pesa, la sivyo naisambaza."

Kati ya hatua zote hizi, hatua ya kuikumbuka zaidi ni ile ya siri. Rafiki wa kweli hana shida mama yako akijua kwamba mnatumiana mashairi. Anayekuambia umfiche ana sababu yake, na sababu hiyo haikusaidii wewe. Usihesabu pia kwamba msichana mwenzio ni lazima awe msichana. Picha yoyote inaweza kuibwa.

Je, kama tayari umeshatuma picha? Tulia. Kosa ni la anayekutisha. Usitume nyingine na usilipe, kwa sababu ukilipa atarudi. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini kama ushahidi, halafu mzuie. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mzazi, shangazi, mwalimu wa malezi, muuguzi. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina simu ya msaada kwa watoto, namba 116, na kupiga ni bure. Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Zote mbili zinakataza kusambaza picha za ngono za watoto.

Shairi likitisha

Kuna siku rafiki anaweza kutuma shairi linalosema amechoka kuishi, au linaloaga. Utajiuliza: ni sanaa tu, au ni kweli?

Usikisie. Muulize waziwazi: "Nimesoma shairi lako. Je, unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo hilo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema sivyo. Kuuliza kwa upole humpa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, msikilize, usimhubirie. Mwulize kama kuna mtu mzima karibu naye sasa hivi. Mpe namba 116. Halafu wewe mwenyewe mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, hata kama alikuapisha usiseme. Siri ya namna hiyo haitunzwi. Afadhali akununie wiki nzima akiwa hai.

Na kama mwandishi wa shairi hilo ni wewe, msomaji, tafadhali usiliache kwenye simu tu. Mpelekee mtu unayeweza kumshika mkono.

Wewe ungefanyaje?

Haya, jipime. Soma kwanza, jibu, ndipo uangalie majibu yetu.

A. Mwenzako wa grupu la zilipendwa, mliyefahamiana mwezi mmoja, anataka mkutane Jumamosi. Anasema uje peke yako.

B. Rafiki anakutumia shairi tamu sana, anasema ametunga yeye. Wewe umeliona kwenye kitabu cha maktaba.

C. Mdogo wako anataka kuposti video ya mbwa wenu akibweka getini, na jina la mtaa linasomeka.

Majibu. A: Usiende peke yako. Mzazi ajue, uende na mtu mzima, mkutane mchana mahali penye watu. Akikataa masharti hayo, umeshapata jibu lako. B: Mwambie inboksi kwa upole, usimwaibishe mbele ya grupu. Huenda anahitaji tu kusifiwa. C: Mwonyeshe mtaa unavyosomeka, kisha mrekodini mbwa upya mkiwa uani.

Jadilini klabuni

Wiki hii, leteni klabuni wimbo mmoja wa zamani kutoka kwa mzazi au babu, stori moja ya mnyama, na shairi moja mlilotunga wenyewe. Shirikianeni ana kwa ana. Halafu jadilini: kati ya hivi, kipi mngemtumia rafiki wa mbali, na kipi mngebaki nacho? Kwa nini? Msishangae mkigundua kwamba mshairi mliyekuwa mkimtafuta mtandaoni amekaa dawati la nyuma.