Maji ya Tumbaku Tuliyoyapika Darasa la Tano



Jumapili moja ya mwezi wa pili tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja hapa Area 23, Lilongwe, tukizungumza habari za michango ya chama. Mara mtoto wake akatokea na katoni tupu mkononi. "Papa, mwalimu anataka kila mtoto alete kitu cha sayansi siku ya wazazi. Mimi nipeleke nini?"

Habari za michango zikaishia hapo. Kila mtu mzima alikuwa na kitu chake alichowahi kukitengeneza akakipeleka shuleni kwa uangalifu kama amebeba mayai. Mmoja alipeleka kigari cha waya chenye usukani. Mzee wa kutoka Kigoma alisema wao waliotesha maharage katika makopo mawili, moja dirishani na moja ndani ya sanduku, na yale ya gizani yakawa marefu, meupe na legelege. Mama mmoja wa Dzaleka alitengeneza chujio la mchanga, changarawe na makaa. Maji ya mtaroni yalitoka safi hata mgeni wa heshima akataka kuyanywa, ikabidi mwalimu amshike mkono, kwani hayakuwa yamechemshwa.

Sisi tunaoandika habari hii tulipika tumbaku.

Ilikuwa darasa la tano, upande wa Uvira, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Maharage ya bustani ya shule yalishikwa na wadudu wadogo weusi, wale wanaojipanga chini ya jani na kunyonya maji yake. Mwalimu akatuagiza majani mabichi ya tumbaku, ambayo wazee walikuwa wakipanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya viko vyao. Tuliyaponda, tukayaloweka usiku kucha, tukayakamua, tukayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Tuta moja tulilinyunyizia maji hayo kwa kifagio cha majani, na tuta la pili tulilinyunyizia maji matupu. Mwalimu alisisitiza sana hilo tuta la pili. Alisema bila yeye hamjui kama ni dawa iliyoua au ni mvua. Baada ya siku mbili wadudu wa tuta la kwanza walikuwa wamekauka, na wa tuta la pili wanaendelea na karamu yao. Wazazi walipiga makofi.

Lakini mwenzetu mmoja hakuyasikia makofi hayo. Yeye ndiye aliyekuwa amekamua majani kwa mikono mitupu asubuhi ile, kwani tulitaka dawa mpya ya kuonyesha wageni. Alilala chini ya mwembe akitapika, jasho linamtoka, kichwa kinamzunguka. Watu walicheka wakasema amekula maembe mabichi. Kesho yake alikuwa mzima. Kwenye karatasi yetu ya maonyesho tuliandika habari za wadudu tu.

Ikapita miaka zaidi ya 20. Vita vilitutoa kwetu vikatufikisha Dzaleka, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa enzi za Rais Banda, na tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Baadaye kazi ya chama ikatupeleka mashamba ya tumbaku upande wa Kasungu. Siku moja, wakati wa kuchuma, tulimkuta mama amelala pembeni ya shamba akitapika. Nguo zake zilikuwa zimelowa umande mpaka kiunoni. Kapitao alikuwa amekwisha kumfuta siku hiyo kwenye daftari la mshahara. Alisema ni pombe. Wenzake walisema ni malaria, na mmoja alinong'ona kwamba amerogwa.

Sisi tukamwona yule mtoto chini ya mwembe.

Ndugu msomaji, jani bichi la tumbaku lina sumu iitwayo nikotini, ndiyo ile iliyoua wadudu wetu. Nikotini huyeyuka katika maji. Umande, mvua na jasho huitoa kwenye jani, nayo hupita kwenye ngozi hadi damuni. Mtu huona kizunguzungu, kichwa humuuma, hutapika na kukosa nguvu, na mara nyingi hupona baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana husingiziwa mambo mengine. Asiyevuta sigara huumia zaidi, kwa kuwa mwili wake haukuzoea. Mtoto, kwa udogo wake, ndiye wa kuogopewa kabisa. Dawa yake ni kungoja jani likauke, kuvaa glavu na vazi lisilopitisha maji, kubadili nguo zilizolowa, na kuoga kwa sabuni baada ya kazi.

Tulipomweleza kapitao alicheka. "Wewe umesoma darasa la ngapi?"

Jioni tulikaa na wafanyakazi tukawasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na yeye, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliingiza maziwa yake kwenye friji yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, na wenzake wakamcheka tena. Osborne alirudi akajaribu. Mwaka 1969 majina yao mawili yalichapishwa katika jarida la fizikia, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo. Watu wa pale walituongezea habari za kijana wao wa Wimbe, William Kamkwamba, aliyekosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na feni ya trekta. Naye aliitwa mwendawazimu, mpaka taa ilipowaka.

Asubuhi wafanyakazi 14 walikwenda ofisini pamoja nasi. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unampa mfanyakazi wa shamba haki ya kuelezwa hatari za kazi yake na kujiondoa penye hatari. Tulibishana mpaka adhuhuri. Kuchuma kukahamishwa kutoka alfajiri hadi saa 3, na mama yule akarudishiwa siku yake. Glavu hatukupata mwaka ule, na muda wa asubuhi uliopunguzwa uliongezwa jioni.

Yote hayo tulimsimulia mtoto mwenye katoni. Akasema basi naye atapika tumbaku, na matuta yatakuwa mawili. Baba yake, ambaye ni kibarua wa kiwanda cha tumbaku kule Kanengo, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mkewe alete mifuko miwili mizito ya plastiki na kamba ya kufungia kwenye viwiko. Mtoto akauliza, "Na karatasi niiandike nini?"

Tukamwambia aanze na mifuko.