Mkono unaosugua imbwa ujue mahali pa kusimama

Jioni, ukifika kwenye kariere yoyote huku Opala, utaona kitu ambacho watu wa mjini wanaweza kucheka. Mchimbaji ametoka shimoni, matope bado magotini, mgongo unamuuma. Kabla ya kutafuta maji ya kuoga, anaketi mbele ya kibanda, anapaka mafuta kidogo mikononi na kuanza kusugua miguu ya imbwa wake.

Sisi hatucheki. Imbwa huyo analinda kibanda usiku, analinda unga wa muhogo, anamwona nyoka kabla yetu, na siku mfuko uko mtupu, mara nyingi ni yeye anayeleta kitu cha kutia mu sufuria. Akiumia, nyumba nzima imeumia.

Sisi wa sendika tumezoea kuwaandikia juu ya bei, mashimo yanayobomoka na wakubwa wanaokula jasho la wengine. Leo tunaandika juu ya imbwa, kwa sababu mambo mawili yalitupata. La kwanza lilitufundisha kwamba mkono unaponya. La pili lilitufundisha kwamba mkono huo huo unaweza kuleta kifo nyumbani.

Mzee na imbwa aliyeanguka

Imbwa wetu wa kwanza alikuwa wa aina ile ya kwetu: mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki kama wengine. Wawindaji wanamfunga kengele ya mti ili wajue yuko wapi porini. Wazungu walipeleka aina hiyo Ulaya, na mwaka 1937 ikaonyeshwa London, kwenye maonyesho ya Crufts. Wakaiita basenji. Neno hilo tunalijua vizuri, maana wazee wetu pia walitukanwa nalo. Leo basenji wanalala juu ya viti vya sebule huko Ulaya na Marekani!

Huyu wetu alianguka mu shimo la zamani baada ya mvua. Tulimtoa kwa kamba. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba, hakutaka kuukanyagia. Wengine wakasema tuuvute kwa nguvu mpaka ulie «ka!». Mzee mmoja wa kijiji, mwindaji tangu ujana, akakataa.

«Musivute. Mufupa haiko kamba,» alisema. «Na mumufunge kwanza kinywa. Imbwa yenye maumivu haijue tena bwana yake.»

Tulimfunga kinywa kwa kitambaa, bila kumziba pua. Mzee alishika miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja, akilinganisha ule mzima na ule mgonjwa, toka nyayo mpaka bega. Alitafuta miiba katikati ya vidole. Alipoona mfupa haukuvunjika, hakusugua kitu. Siku mbili ilikuwa kitambaa cha maji baridi ya mto na kupumzika tu. «Sehemu ingali moto, ukiisugua unaongeza moto,» alisema.

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeshuka. Sasa akatumia kitambaa cha maji ya vuguvugu na mafuta ya kokwa za ngazi. Kiganja wazi, polepole, kufuata manyoya. Halafu akaukunja mguu na kuunyoosha, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba mbovu. Sikio likilala nyuma, anaacha. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Baada ya majuma mawili imbwa alikuwa anakimbia tena.

Hata Ulaya wanafanya

Mtu asifikiri haya ni mambo ya pori. Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada, alianza kwa farasi, akatengeneza njia ya kugusa nyama kwa vidole: duara moja na robo, pole, halafu unahamia mahali pengine. Njia hiyo inaitwa TTouch, na leo inatumiwa kwa imbwa na paka pia. Ufaransa kuna osteopatia ya wanyama. Tangu 2017, mtu asiye daktari wa wanyama anaweza kuifanya huko, lakini lazima afaulu mtihani wa baraza la madaktari hao na aandikwe kwenye orodha yao. Ushahidi wa sayansi juu ya kazi hizi ungali mdogo. Lakini tuangalie jambo moja: wenzetu wameona kwamba mkono unahitaji sheria. Sisi tulijifunza hivyo kwa njia mbaya.

Siku tulipokosea

Imbwa wa pili alianza kwa udhaifu wa miguu ya nyuma. Tukasema: ameanguka kama yule mwingine. Vijana wawili wakamsugua siku mbili, asubuhi na jioni. Mate yalikuwa yanamtoka, sauti imebadilika, hawezi kumeza. Kijana mmoja akafikiri mfupa umemkwama kooni. Akaingiza mkono kinywani kuutafuta. Mkono huo, kama mkono wa kila mchimbaji, ulikuwa na vidonda. Siku ya nne imbwa akafa.

Ni mama mmoja anayeuza chakula kwenye kariere aliyetuambia: «Ile haikuwa mugongo. Ile ni raje.»

Kweli, tulikuwa tunajua raje kama imbwa anayekimbia na kuuma kila mtu. Hatukujua kwamba kichaa cha imbwa kina sura ya pili, ya kimya: nyama anapooza, taya inaanguka, mate yanatiririka. Mate hayo ndiyo yanabeba ugonjwa. Yakiingia mu kidonda, yanatosha hata bila kuumwa. Na mtu akisha kuanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kituo cha afya tulichokimbilia hakikuwa na chanjo. Tulichanga pesa usiku ule, kila shimo na mchango wake, na asubuhi vijana wakapanda pikipiki kwenda Kisangani. Mmoja alitaka kubaki. «Sikuumwa, mbona mupoteze franka?» Tulimlazimisha. Leo wote wawili wako wazima. Kama imbwa alikuwa na raje kweli, hakuna aliyempima. Lakini hatukutaka kupata jibu kwa kumzika mtu.

Tufanye nini

Kumsugua imbwa tusiache. Lakini kabla ya kuweka mkono, tuangalie.

Kama mguu unaning'inia, mfupa umetoka, tumbo limevimba au mgongo umepooza, usisugue. Mlaze juu ya ubao na utafute muganga wa nyama.

Kama mate yanatoka, sauti imebadilika, taya imelegea au tabia yake imegeuka, usimguse kabisa. Mfungie mahali, ondoa watoto, mwite muganga.

Akikuuma, akikukwaruza, au mate yake yakiingia mu kidonda: osha kwa maji na sabuni dakika 15, palepale, halafu ukatafute chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Tangu Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, dawa ya kuzuia iko. Kinachokosa ni kuifikisha kwetu.

Na vidonge vyetu vya mgongo, parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, tusimpe imbwa wala paka. Vinaweza kuwaua. Kwa paka, hata kidonge kimoja cha parasetamoli ni sumu.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya raje kwa watu vinatoka kwa imbwa, na kwamba ukichanja imbwa 70 kwa mia, ugonjwa unakatika. Kwa hiyo tunaomba kila kariere itenge kitu kidogo mu kasha lake kwa chanjo ya imbwa, na sisi wa sendika tutaendelea kudai chanjo ya watu iwekwe Opala penyewe. Mtu aliyeumwa leo asiambiwe apande pikipiki mpaka Kisangani, na mfuko wake ni mtupu.

Yule mzee wa kijiji tulimrudia kumweleza yaliyotokea. Alinyamaza kwanza. Halafu akasema: «Mimi miaka yote naanza na macho. Mikono inakuja nyuma.»