Kipokezi ‘yatima’ kinachofanya dawa ya TB kuvuruga tembe za kupanga uzazi

Mama msomaji, ikiwa unameza tembe za kupanga uzazi kila jioni, kisha ukapimwa na kupatikana na kifua kikuu (TB), kuna jambo unalopaswa kulijua kabla hujaondoka kliniki na dawa zako. Rifampisini, ile dawa inayogeuza mkojo ukawa na rangi ya machungwa, huzipunguzia tembe zako nguvu. Utazimeza kama kawaida bila kuruka hata siku moja, na bado unaweza kushika mimba.

Jambo hili halikuanza jana. Mapema katika miaka ya 1970, madaktari wa Ujerumani waliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakitibiwa TB, ambao hedhi zao zilivurugika na baadhi yao wakapata mimba wasiyoitarajia ingawa walikuwa wakitumia tembe. Ilijulikana kwamba rifampisini hulifanya ini lichape kazi kupita kiasi. Lakini nani aliyelipa ini amri hiyo? Jibu lilipatikana mwaka wa 1998, wakati watafiti walipokuwa wakichunguza kile wanachokiita vipokezi yatima.

Ndani ya seli za mwili wako mna protini ambazo tunaweza kuzifananisha na kufuli. Homoni ikifika, huingia ndani ya kufuli yake kama ufunguo. Kufuli ikifunguka, jeni fulani huamriwa zianze kazi au ziache. Kwa kuwa amri hizo hutolewa kwenye kiini cha seli, protini hizi huitwa vipokezi vya kiini, na binadamu ana 48. Kuna cha estrojeni, cha kortisoli, cha vitamini D na kadhalika.

Katika miaka ya 1980 wanasayansi walipata ujuzi wa kuzisoma jeni za vipokezi hivi, na hapo wakakuta vingine vingi vinavyofanana navyo, ila hakuna aliyejua ni homoni gani inayovifungua. Kufuli ipo, ufunguo haujulikani. Viwili vya kwanza vya aina hii vilielezwa mwaka wa 1988 katika maabara ya Ronald Evans huko California, Marekani. Kwa kuwa havikuwa na wa kuvidai, vikaitwa yatima.

Kwa kampuni za dawa, hili lilikuwa shamba ambalo halijalimwa. Kipokezi cha aina hii huwa na kishimo kidogo ndani yake, kinachotoshea kemikali ndogo inayoweza kumezwa kama tembe, ikapita tumboni na kupenya hadi ndani ya seli. Prednisoloni hufanya kazi kwa njia hiyo. Tamoksifeni ya saratani ya matiti pia.

Sasa utauliza, utautafutaje ufunguo wa kufuli usiyoijua kazi yake? Hapa ndipo wataalamu walipomtumia kimulimuli, yule mdudu anayemetameta gizani. Seli hukuzwa maabarani na kutiwa jeni ya kipokezi, kisha hutiwa jeni ya kimulimuli iliyopangwa ifanye kazi pale tu kipokezi kitakapoamka. Maelfu ya kemikali hujaribiwa, kila moja katika kijishimo chake. Seli zikitoa mwanga, basi ufunguo umepatikana. Wakemia huuchukua na kuuchonga zaidi, ukae vizuri ndani ya kufuli hiyo na usifungue za jirani.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayowatoa jasho. Kipokezi kimoja huamuru jeni nyingi, nawe huwezi kuchagua amri unayoitaka na kuziacha nyingine. Chukua mfano wa pioglitazoni, ambayo huenda jamaa yako mwenye kisukari anaimeza. Dawa za jamii hiyo zilijulikana kupunguza sukari kabla hazijajulikana zinafanyaje. Mwaka wa 1995 ndipo ilipoonyeshwa kwamba hufungua kipokezi kilichokuwa miongoni mwa yatima, PPAR-gama. Hupunguza sukari, ndiyo, lakini pia huongeza uzito na kuujaza mwili maji. Ndugu yake, troglitazoni, aliondolewa madukani Marekani mwaka wa 2000 baada ya kuharibu maini ya watu. Asidi ya obetikoliki, inayofungua kipokezi cha nyongo na iliyoidhinishwa huko mwaka wa 2016, nayo iliondolewa na kampuni yake mwaka wa 2025. Yatima kupata mlezi ni jambo moja, mlezi kuwa mwema ni jambo jingine.

Turudi kwenye TB. Kipokezi kilichopatikana mwaka wa 1998 kinaitwa PXR, na hukaa hasa katika ini na utumbo. Tofauti na wenzake, kishimo chake ni kipana na hukubali funguo za kila namna. Kazi yake ni kama ya bawabu. Kikihisi kitu kigeni kimeingia mwilini, huamuru ini litoe kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, ambacho huvunjavunja karibu nusu ya dawa zote tunazotumia. Rifampisini humwamsha bawabu huyu kwa kishindo, naye akishaamka hachagui. Homoni zilizo ndani ya tembe za uzazi hufagiliwa pamoja na takataka nyingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba PXR ya panya haiamshwi na rifampisini. Dawa ingeweza basi kupita salama kwa panya, kisha ilete balaa kwa binadamu. Ndiyo maana siku hizi kampuni hujaribu dawa zao mpya kwenye PXR ya binadamu mapema, na ile inayowasha mwanga huo hubadilishwa au huwekwa kando. Kipokezi kilichosakwa kwa hamu kimekuwa kufuli ambayo watengenezaji wengi wa dawa hawataki kuigusa.

Wanaoathiriwa si wanaotumia tembe za uzazi pekee. Mgonjwa wa TB anayetumia dolutegraviri kupunguza makali ya virusi vya ukimwi hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, ili kufidia kinachofagiliwa. Efavirenzi nayo, iliyotumiwa sana hapa kwetu kabla ya dolutegraviri, huongeza ufagiaji huo. Katika utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2016, wanawake 3 kati ya 20 waliokuwa na kipandikizi cha uzazi mkononi huku wakitumia efavirenzi walipata mimba kabla ya mwaka kwisha.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuhesabu tembe za uzazi kuwa dawa. Mhudumu akiuliza, “Kuna dawa nyingine unayotumia?” jibu huwa hapana. Tembe za TB nazo huwa na dawa kadhaa zilizochanganywa pamoja, rifampisini ikiwemo, na jina hilo mgonjwa huenda asilisikie.

Kwa hivyo mwambie mhudumu waziwazi. Usiache dawa za TB kwa sababu ya haya, wala usijiongezee tembe za uzazi kwa kukisia. Koili ya shaba haina homoni, kwa hivyo haiathiriki. Kondomu pia. Kuhusu sindano na vipandikizi, mwulize mhudumu wako. Na baada ya kumeza tembe ya mwisho ya TB, endelea na kinga hiyo ya ziada kwa wiki 4, kwa maana ini huchukua muda kupunguza kasi.